Dakika Ishirini za Ermile

Kazi yangu ni kuwazima watu.
Siyo kuua; kuzima, kama taa ya chumba
ambacho mwenyewe atarudi kulala.
Wakati ni ukuta, husemwa. Mimi huutoboa kwa sindano
kila asubuhi, hapa Kutaisi, juu ya mto Rioni,
na sijawahi kuchungulia upande wa pili.

Ermile aliletwa Januari, vali ya moyo ikivuja.
Fundi saa, miaka sabini na mmoja,
ukucha wa kidole gumba ameuacha mrefu
wa kufungulia vifuniko.
Alikataa kuvua saa yake mpaka nimwahidi:
"Nikipotea, vuta kitufe hiki, isimame.
Nikirudi, kibonyeze. Basi.
Nataka kuona hesabu itatokaje."
Muuguzi Lamara akacheka. Mimi nikaichukua.

Kumi, alisema, kama mtu anayelipa deni.
Tisa.
Nane, na macho yakamtafuta mkewe, ambaye hakuwemo.
Saba haikufika mwisho, ilibaki *sa*,
nikavuta kitufe.

Saa nne na dakika kumi.
Nilizihesabu zote, maana ndizo mshahara wangu:
goti la kushoto likivimba ndani ya suruali,
daktari Zurabi akigombana na koleo,
theluji ikianza, ikiacha, ikianza,
bili ya gesi ikinijia kichwani bila kuitwa,
na moyo wa mtu umetulia kifuani kama jiwe la mtoni
huku mashine ikizungusha damu isiyouliza lolote.

Kwenye chumba cha kuzindukia alifumbua macho.
Jina lako?
"Ermile."
Nibane kidole. Akakibana, kwa nguvu.
Kisha akanikemea: "Mfungeni huyo mbuzi,
anatafuna mashuka ya mama!"
Nikabonyeza kitufe. Saa ikaondoka.
Akalala.

Baada ya dakika ishirini akafumbua tena, akauliza:
"Mtaanza lini?"

Nilipomweleza, alinitazama kama mteja anayepunja.
"Nimesema saba, nawe ukasema imekwisha.
Katikati hapana hata unywele."
Nikamsimulia habari ya mbuzi.
Akaniomba nirudie. Akaikagua saa.
"Basi umeibonyeza mapema."
Niliibonyeza uliponijibu.
"Aliyekujibu si mimi. Mimi nimefika sasa hivi."

Aprili alikuja kliniki na saa ileile.
Hakuirekebisha; ameirudisha nyuma zaidi,
dakika ishirini, kwa haki.
Mkewe Tsiala amechoka naye:
anadai chakula cha mchana jua likielekea kuzama,
na maharage yamekwisha kupoa mara mbili.

"Nimefungua saa nyingi zilizosimama," aliniambia,
shati wazi, kovu bado jekundu.
"Hakuna hata moja iliyojua kwamba imesimama.
Ukiitia ufunguo inaendelea, tena kwa kiburi.
Hilo halininyimi usingizi.
Ni yule wa mbuzi.
Mbuzi tulikuwa naye kweli, mwaka nilioanza shule.
Kwa hiyo alizijua habari zangu, alikuwa na ulimi wangu,
alikushika kidole. Alimwonea uchungu mama.
Ameishi dakika ishirini, daktari,
halafu kaenda wapi?"

Nikampima presha.
Mia na thelathini kwa themanini.
Nikaandika hivyo.

Usiku ule niliendesha gari mpaka nyumbani,
na nilipozima injini nikagundua
silikumbuki daraja.
Mtu fulani alilivuka.
Alisimama kwenye taa nyekundu, bila shaka,
akampisha labda mzee na baiskeli,
akaona, labda, jinsi mto ulivyojaa.
Nikabaki garini, ufunguo kiganjani,
mlango sijaufungua,
nikimsubiri afike.